Gari la mbao si langu, na mbao zenyewe si mbao

Mdogo wangu, salamu zako zimefika, na za Shangazi, na za wote waliojaa sebuleni kwa Mama kuitazama ile picha. Naambiwa habari imeshafika mpaka stendi ya Muheza: kaka yenu kanunua gari refu la Kimarekani lenye mbao ubavuni, na mwenye uwezo huo hashindwi kumvuta mdogo wake. Baba Mdogo kanipigia usiku wa manane wa huku kuniuliza moyo wangu umekuwaje. Na wewe unaniandikia kwamba mashine ya randa imepata mteja, milioni 4, na wakala wa viza anasubiri hizo fedha akulete huku.

Nilikasirika. Niliandika jibu nikalifuta, nikaandika tena nikafuta. Leo nisikilize.

Gari si langu, ni la mteja. Hiyo nguo ya buluu mliyosema imenikaa ni ovaroli ya gereji. Picha niliituma bila maelezo, na kosa hilo ni langu. Nilitaka Mama anione nimesimama wima, siku hizi nashinda nimepiga magoti.

Linaitwa Ford Country Squire, la mwaka 1972. Ni stesheni wagoni, kama zile Peugeot 504 alizokuwa akizisimulia Mzee, ila hili lina zaidi ya mita 5.4 na uzito unaokaribia tani mbili. Nyuma kuna viti viwili vidogo vinavyotazamana, watoto wanne wanaenea, jumla abiria 10. Ukivilaza, unaingiza plaiwudi nzima ya futi 4 kwa 8, bapa, haikunjwi wala haiegemezwi. Mlango wa nyuma unafunguka kwa namna mbili, unauangusha chini kama wa pikapu au unauvuta pembeni kama wa nyumba. Ford waliuanza mwaka 1966. Mara ya kwanza nilipoushika nilifungua na kufunga hivyohivyo mpaka bosi akanitazama.

Sasa hizo mbao. Mimi ni seremala, wewe unajua, tumekuwa kwenye vumbi la mtiki wa Longuza tangu tukiwa na urefu wa benchi. Nilipopata kazi kwenye gereji ya magari ya zamani hapa Michigan, Marekani, na kuona lile gari la kahawia ubavuni, nilimshukuru Mungu. Nikasema hapa mikono yangu itajulikana. Nikamwambia bosi: mimi fundi mbao, miaka 14. Akanipa skrepa ya plastiki na kile chombo kinachopuliza hewa ya moto.

Ni karatasi, mdogo wangu. Karatasi ya plastiki iliyochapwa picha ya mbao, imegandishwa juu ya bati. Na ule ukingo mweupe wa kuizunguka, unaoonekana kama fremu ya mbao nyepesi, ni faibaglasi. Kazi yangu ni kuibandua. Unaipasha moto kidogo, si sana, ukizidisha inayeyuka. Unaingiza ncha, unavuta taratibu, inakatika vipande vya upana wa kidole. Chini inabaki gundi, inang'ang'ania kama ulimbo. Unaifuta kwa dawa inayokuingia mpaka kwenye meno. Ubavu mmoja ulinichukua siku 4. Mlango wa gereji unafunguliwa moshi utoke, nje theluji, magoti juu ya saruji ya baridi. Kabla ya hapo nilikuwa nimelala chali kwenye buti nikitoa viota vya panya chini ya viti.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi niliyoitaka ilikuwepo, hapahapa Michigan. Ford walianza kuuza stesheni wagoni mwaka 1929, bodi ya mbao kweli, na mbao zilitoka kwenye misitu yao wenyewe kaskazini mwa jimbo hili, zikapasuliwa kwenye kiwanda chao cha Iron Mountain. Masalia waliyachoma mkaa, na mkaa huo mpaka leo upo madukani, umekandamizwa vidonge, mfukoni umeandikwa Kingsford. Jina la Country Squire lilikuja mwaka 1950. Mwaka jana liliingia la 1951 kwetu, kazi ya breki tu. Nilipitisha kiganja pale vipande vya fremu vinapoungana, vimekatwa meno vikaingiliana, na sikuhisi mahali pa kuungana. Miaka zaidi ya 70! Nilikumbuka Mzee alivyokuwa akifumba macho kupima kiungo kwa kidole gumba. Nilienda chooni nikanawa uso.

Mbao hizo zilitaka kupakwa vanishi kila mwaka, la sivyo zinaoza, na bodi ya chuma ilikuwa rahisi kutengeneza. Kwa hiyo kiwanda cha Iron Mountain kikafungwa mwaka 1951, na mwaka 1952 Country Squire likatoka la chuma tupu, limebandikwa picha. Mbao ya kweli ilibaki kwenye ukingo tu, kwa miaka michache. Maseremala wote wale wakaambiwa rudini nyumbani. Nimekuja kuomba kazi yao nimechelewa miaka 70.

Nilijaribu hata hivyo. Nilimwendea mwenye gari, mzee mpole, baba yake alilinunua likiwa jipya, na yeye na dada zake walikua kwenye viti vile vya nyuma. Nikamwambia naweza kumtengenezea ukingo wa mbao ya kweli, hata bila malipo ya ziada. Akanishika bega. Akasema hapana, nalitaka kama lilivyokuwa la baba. Na la baba yake lilikuwa la plastiki. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ana haki.

Magari yenyewe yalishakwisha. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, mwaka 1979 Ford wakalipunguza mwili, mwishoni mwa 1983 Chrysler wakaleta vigari vyao vya familia vya mlango wa kusukuma, wazazi wakahamia huko, kisha kwenye magari yaliyoinuka, hizi SUV. Country Squire la mwisho ni la 1991.

Sasa wewe. Nalipwa dola 17 kwa saa, na kabla sijazishika kodi imeshakata yake. Zile dola 250 za kila mwezi mnazoona ndogo ni karibu saa 18 za kupiga magoti. Sikwambii ili uone haya. Nakwambia kwa sababu Shangazi alisema natuma mabaki. Natuma kabla sijalipa chumba.

Usiuze mashine. Nakuomba kwa jina la Mzee. Viza haiuzwi na wakala. Mimi niliingia kwa bahati nasibu ya Green Card, fomu nilijaza mwenyewe kwenye intaneti, na anayekudai milioni 4 atakula milioni 4. Una wateja, una vijana wawili wanaokuita fundi. Mimi hapa hakuna anayeniita fundi.

Lakini fomu ya bahati nasibu ikifunguliwa, jaza. Nitakulipia picha. Siwezi kukufungia mlango niliopita mwenyewe, na dada yetu amesoma kwa hizi dola, hilo sitalikana. Ukipata, jifunze kuchomelea kwanza, chuo cha ufundi cha VETA, kwa cheti, maana huku mchomeleaji anaheshimika kuliko mimi. Usije Januari. Njoo na viatu vizito. Au usije kabisa, kaa, tufungue duka la milango mimi nikirudi. Sijui, mdogo wangu. Siku nyingine naamka na hili, siku nyingine na lile.

Mwambie Baba Mdogo nampenda na asinipigie saa nane za usiku. Mwambie Mama ukweli wa picha, taratibu, umkalishe kwanza. Ijumaa nitatuma ya dawa zake.

Na ule ubao wa mninga niliouacha umeegemea ukuta wa nyuma, ugeuze. Umekaa upande mmoja muda mrefu, utapinda.