Unahamia Nairobi na familia? Acha kuzidisha mshahara, angalia mwanao yuko darasa la ngapi

Mkuu, simamisha hilo zoezi kwanza. Uzi wako nimeusoma wote. Uko Arusha, umepata kazi Nairobi kwa shilingi 120,000 za Kenya, umezidisha ukapata zaidi ya milioni mbili za kwetu, sasa unauliza kati ya Kenya na Tanzania wapi kuna maisha bora: kodi ya nyumba, chakula, hospitali, usalama. Halafu katikati, kwa sentensi moja tu, unasema unahama Januari na mke na watoto, na mkubwa ndiyo anaingia darasa la sita.

Huyo mtoto usimhamishe. Tangulia wewe.

Sisi tulitoka Moshi na watoto wote. Binti yetu alikuwa darasa la tano shule ya serikali, kayumba kama wengi wetu, na darasani alikuwa hashikiki. Wakala aliyenitafutia kazi alinihakikishia shule si tatizo: Kenya elimu ya msingi ni bure tangu 2003, Kiswahili wanaongea, mtoto ataendelea alipoishia. Hayo maneno yananichoma mpaka leo. Mtu amekaa na mimi, anajua nina watoto wa shule, anachotaka ni nisaini haraka apate chake, na hakuuliza hata mara moja watoto wanasoma kwa lugha gani.

Shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo. Kule, kuanzia darasa la nne masomo yote ni kwa Kiingereza, Kiswahili ndicho kinabaki somo. Mtoto aliyekuwa anakokotoa sehemu na desimali bila kusita aliwekewa swali lilelile kwa Kiingereza akabaki anaitazama karatasi. Shule ya serikali ya karibu na tulipopanga, Kitengela nje kidogo ya Nairobi, ilikuwa imefurika, tukaangukia ya binafsi. Wakampima, wakamrudisha darasa la nne. Msichana mrefu kuliko wote darasani, akaacha kabisa kunyoosha mkono. Nyumbani alikuwa anajibu "nzuri tu" ukimuuliza shule, halafu analala mapema.

Na mfumo wenyewe si huu wetu. Wameachana na 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo, na KCPE, mtihani wao wa kumaliza darasa la nane, ya mwisho ilifanyika 2023. Sasa ni miaka sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini, yaani darasa la saba mpaka la tisa, kisha mitatu ya juu. Kwa hiyo mtoto aliyekaa kule katikati ya safari hana cheti chochote cha kukuonyesha ukirudi. Mkataba wangu ulipoisha tukarudi Moshi, wenzake walikuwa wameshafanya mtihani wa darasa la saba, wako kidato cha kwanza. Yeye hakuwa na matokeo ya huku wala ya kule. Hapa kila mwanafunzi wa msingi ana namba yake ya PREM, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, na uhamisho unapita humo. Sisi tulikuwa tumeondoka kienyeji kwa sababu wakala alisema barua ya mwalimu mkuu inatosha. Akaanza tena darasa la sita. Hiyo miaka hakuna mshahara unaoirudisha, iwe wa shilingi ya Kenya au ya wapi.

Wenye watoto wakubwa nao wajue: aliyemaliza na KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari kule, lazima apate ulinganifu wa matokeo kutoka NECTA, baraza letu la mitihani, kabla hajaomba chuo huku. Inawezekana, lakini lianze mapema.

Sasa hizo milioni mbili zako. Kwa viwango vya 2025, kwenye 120,000 walikuwa wanakata NSSF ya pensheni 4,320, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 ambayo ni 3,300, tozo ya nyumba asilimia 1.5 ambayo ni 1,800, kisha PAYE, kodi ya mshahara, kama 25,500. Mkononi ulikuwa unabaki na 85,000 hivi. Humo toa ada, basi la shule, chakula cha mchana cha mtoto, na mwalimu wa kumfundisha Kiingereza jioni, ambaye utamhitaji. Kwetu nyongeza yote ya mshahara iliishia hapo.

Na kuna pesa hujaiandika kabisa. Umesema mke wako ana genge soko la Kilombero. Akienda kule kama mtegemezi wako haruhusiwi kufanya kazi wala biashara bila kibali chake mwenyewe. Mke wangu alifunga meza yake ya mitumba pale soko la Memorial, Moshi. Kwenye kihamba, shamba la nyumbani la wazazi, tulikuwa tunachukua ndizi na maziwa bila kufungua pochi, kule hata kitunguu cha Mang'ola, cha huku kwetu, unakinunua kikiwa kimeshalipiwa safari. Usinijie na hoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kitambulisho. Kuvuka mpaka wa Namanga ni rahisi, lakini kibali cha kazi ni jambo jingine, na mwajiri akishughulikie kabla hujafunga begi.

Nisiseme yote ni mabaya. Kodi kule unalipa kwa mwezi, na amana mwanzoni, wakati huku mwenye nyumba anataka ya miezi sita au mwaka mzima mkononi. Hilo Kenya wametuzidi, na ni nafuu kubwa kwa anayeanza. Nauli ndiyo itakusumbua: daladala zetu zinapangiwa bei na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, matatu inapandisha mvua ikinyesha au jioni watu wakijaa kituoni.

Na nyie wengine humu mnaomwandikia "Nairobi kuna fursa, nenda kapambane", kurasa mbili nzima hakuna hata mmoja aliyemuuliza huyo mtoto anasoma shule gani. Mnamjibu kana kwamba anahama peke yake.

Kwa hiyo mkuu, kabla hujarudi na swali lingine, nijibu mawili. Mkubwa yuko kayumba au mchepuo wa Kiingereza? Na mkataba ni wa muda gani? Kama ni mchepuo wa Kiingereza na kazi ni ya kudumu, tuongee, na nitakuelekeza cha kufanya shuleni kabla ya kuondoka. Kama ni kayumba na mkataba ni wa mwaka mmoja au miwili, mama na watoto wabaki Arusha mpaka huyo mkubwa amalize mtihani wake wa msingi. Wewe panga chumba kimoja kule, na mwisho wa mwezi panda basi la Namanga uje uwaone.