Mabao Manane kwa Nunge: Shabiki Afurahie Kiasi Gani?

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Kakamega, na ni shabiki wa kufa kupona wa timu yetu ya kandanda. Katika mechi ya kwanza ya kundi letu la kombe la vyuo tuliwanyuka wageni wetu mabao manane kwa nunge. Tulipiga ngoma za isukuti tangu bao la pili hadi jua likatua, tukatunga na wimbo wa kumkejeli kipa wao. Tangu siku hiyo chuoni hakusemwi jingine ila kwamba kombe ni letu. Mjomba wangu, ambaye alicheza mpira wa shule za upili enzi zake, ameniambia kwamba mechi ile haikutuonyesha chochote kuhusu timu yetu, na kwamba baada ya bao la tano vijana wetu wangewahurumia wenzao. Maneno hayo yameniuma. Je, furaha yangu haina msingi? Na je, tulikosea kuitaka timu iendelee kufunga?

Msomaji, Kakamega

JIBU

Ndugu msomaji, furaha yako ni halali, wala sitaki mtu yeyote akupokonye. Anayesimama juani dakika tisini akiipigia timu yake ngoma, tena mara nyingi akirudi bwenini na kichapo, ana kila haki ya kusherehekea siku timu hiyo inapofunga mabao manane. Ila kuhusu kombe, mjomba wako ana hoja ambayo ningeomba uipime kwa utulivu. Ushindi mnono huchanganya mambo mawili, yaani ubora wa aliyefunga na unyonge wa aliyefungwa siku hiyo, na kadiri mabao yanavyozidi kumiminika ndivyo yanavyoeleza zaidi habari za aliyefungwa.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Kombe la Dunia la mwaka 1974 nchini Ujerumani Magharibi. Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilikwenda huko ikiwa bingwa wa Afrika, na mshambulizi wake Ndaye Mulamba alikuwa ametoka kufunga mabao 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika, rekodi ya mashindano hayo. Katika mechi ya kwanza ilifungwa na Uskoti 2-0, matokeo ambayo hayakuwa na aibu yoyote. Siku nne baadaye, mjini Gelsenkirchen, ikafungwa na Yugoslavia 9-0. Hakuna timu inayosahau kucheza mpira kwa siku nne. Wachezaji walikuwa wamejua kwamba fedha walizoahidiwa hazitawafikia, wakafikiria hata kugoma, kisha wakaingia uwanjani wakiwa wamevunjika moyo. Kocha alimtoa kipa Kazadi baada ya bao la tatu tu, na refa akampa Mulamba kadi nyekundu kwa kosa lililofanywa na mwenzake. Mtu aliyeisifu Yugoslavia jioni ile kwa mabao 9 alikuwa akihesabu pia fedha ambazo hazikulipwa na kadi ambayo haikustahili. Nayo Yugoslavia ilipoingia raundi ya pili ilipoteza mechi zake zote tatu, dhidi ya Ujerumani Magharibi, Poland na Uswidi, ikiambulia mabao 2 peke yake.

Miaka ishirini kabla ya hapo, katika Kombe la Dunia nchini Uswisi, Hungaria iliifunga Korea Kusini 9-0, kisha ikaifunga Ujerumani Magharibi 8-3, huku kocha wa Wajerumani, Sepp Herberger, akiwa amewapumzisha kadhaa wa wachezaji wake bora. Timu hizo mbili zilipokutana tena katika fainali, tarehe 4 Julai 1954, Ujerumani Magharibi ilishinda 3-2. Hata katika mpira wa Kimarekani, matokeo makubwa kuliko yote ya vyuo, 222-0 mwaka 1916, yalipatikana kwa sababu chuo cha Cumberland kilikuwa kimevunja timu yake, kikawakusanya wanafunzi wa kujazia nafasi ili kisilipe faini ya dola 3,000 kwa kutofika Atlanta kucheza na chuo cha Georgia Tech. Sioni fahari kubwa katika ushindi wa namna hiyo.

Sasa turudi kwenye mechi yenu, kwa sababu sikubaliani na mjomba kwamba haikuonyesha chochote. Iliyobeba habari ni ile sehemu ya mwanzo, wageni walipokuwa bado wanaamini kwamba wanaweza kushinda. Jiulize bao la kwanza lilikuja vipi: je, viungo wenu waliunyang'anya mpira wakajenga shambulizi kwa pasi, au beki wa wageni aliteleza? Wageni walipowashambulia wakati matokeo yakiwa bado 0-0, mabeki wenu walijipanga, au walinusurika kwa bahati? Wageni walisafiri asubuhi ileile, na walikuwa na wachezaji wa akiba wa kutosha? Kuanzia bao la nne hivi, timu inayofungwa ama huinamisha vichwa, ama hupanda yote mbele ikaacha nyuma wazi, na hapo winga yeyote mwenye mbio ataonekana hodari. Kuhusu kipa wenu, huenda bado hamjui lolote, kwa kuwa hakujaribiwa. Katika eneo lililowalea Green Commandos, timu ya kandanda ya shule ya upili ya Kakamega High, mashabiki wanajua mpira vya kutosha kuyaona haya, wakitaka.

Kuhusu kuhurumia, hapo niko upande wako. Katika kundi lilelile la Zaire mwaka 1974, Yugoslavia, Brazil na Uskoti zote zilimaliza na pointi 4, zikatenganishwa kwa tofauti ya mabao: Yugoslavia 9, Brazil 3, Uskoti 2. Uskoti ilirudi nyumbani bila kufungwa hata mechi moja, kwa sababu iliifunga Zaire mabao 2 pekee ilhali Brazil iliifunga 3. Kwa hiyo someni kanuni za kombe lenu. Ikiwa timu zenye pointi sawa hutenganishwa kwa tofauti ya mabao, bao la nane lina thamani kama la kwanza. Ikiwa kinachotangulia ni matokeo ya timu hizo zilipokutana, kama ilivyozoeleka katika Kombe la Mataifa ya Afrika, halina uzito huo, lakini bado si kosa kulifunga. Naona ni dharau kubwa zaidi kuacha kufunga makusudi na kupigiana pasi za maringo mbele ya watu waliochoka. Kocha anayetaka kuwa mwungwana huwaingiza wachezaji wa akiba, naye huwaacha wacheze kwa bidii yao yote.

Jambo ambalo ningelikataa ni ule wimbo wa kipa. Isukuti ipigwe, wafungaji wenu watajwe kwa majina, na sherehe iendelee hadi usiku, lakini kijana aliyeokota mpira wavuni mara nane, tena ugenini, hakustahili kutungiwa wimbo.