Jibu: Saa za rubani msaidizi kwenye Caravan
Habari ndugu. Umeuliza kama saa zako 400 za rubani msaidizi kwenye Caravan (ndege ndogo ya Cessna), Tabora–Kigoma, zitakubalika Marekani. Anza na cheti cha ndege (hati inayosema aina hiyo inahitaji marubani wangapi), logibuku, yaani daftari lako la saa za kuruka, baadaye. Caravan imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Kwa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, nchi ikilazimisha awepo msaidizi, kwa kawaida unahesabiwa si zaidi ya nusu ya saa hizo kuelekea leseni ya rubani ya daraja la juu zaidi. Kwenye ndege ya marubani wawili, zote. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, wao huuliza: cheti cha ndege au kanuni za safari ile zilidai rubani wa pili? Kama hapana, kwa kawaida hazihesabiki. Mimi nilichanganya saa zinazohesabika na zisizohesabika kwenye safu moja ya logibuku, nikaja kuandika upya kurasa kumi na moja, tena kwa tochi, umeme umekatika! Zitenganishe leo, na kila mstari uoneshe kwa nini rubani wa pili alihitajika.