Mtoto Begani, Mswala Chini

Swali ninaloulizwa zaidi na kina mama wapya si la nepi wala la usingizi. Huja kwa ujumbe, aghalabu usiku wa manane: "Dada, tangu nijifungue naona kama imani yangu imekufa. Qur'ani sisomi, sala nazidonoadonoa, uradi wangu hata siukumbuki. Nifanyeje?"

Nimezaa watoto watatu na hali hiyo naijua. Ninachomwambia kila anayeuliza ni kwamba anajipima kwa kipimo cha mtu mwingine, yule msichana aliyekuwa na tahajudi yake (sala ya usiku), juzuu yake ya kila siku na darsa la kila wiki. Ibada ya mama ina fikihi yake, yaani hukumu zake za kisheria, nayo ukiijua utagundua kwamba sehemu kubwa ya hayo majuto hujawekewa na dini.

Anza na nifasi, damu inayotoka baada ya kujifungua. Siku zile hutasali, na sala hizo hutazilipa kamwe. Funga ndiyo utakayoilipa. Kwa madhehebu ya Hanafi na Hanbali ukomo wake ni siku 40, kwa Shafii na Maliki ni siku 60, lakini uchache wake hauna kipimo. Hapo ndipo wengi wanapotatizwa na wakubwa wa nyumbani. Damu ikikatika siku ya 20, koga josho usali, usingoje arubaini ati kwa kuwa kila mtu husubiri arubaini. Na ikizidi ukomo wa madhehebu yako, muulize mwenye elimu, kisha umwone na daktari, maana kutokwa na damu muda wote huo ni jambo la afya pia. Katika siku hizo dhikri, dua na kumsalia Mtume (S.A.W.) havikufungwa. Mimi nyiradi za asubuhi na jioni nilizifungamanisha na kunyonyesha: mtoto akishika ziwa, nami naanza. Sikuhitaji kutafuta muda, kwa sababu mtoto mchanga hasahau kunyonya.

Kurudi kwenye sala ndiko kugumu, na ugumu wenyewe mara nyingi ni wa nguo tu. Umecheuliwa, umekojolewa, unawaza kubadili kila kitu mara tano kwa siku, mwishowe adhuhuri inakutana na alasiri. Tenga nguo moja ya kusalia, pana, inayokufunika mwili mzima, itundike mahali ambapo mtoto hafiki. Mkojo wa mtoto wa kiume ambaye bado hajaanza kula chakula, kwa Shafii na Hanbali hunyunyiziwa maji yakaenea, bila kufua. Wa mtoto wa kike huoshwa. Kunyonyesha hakutengui udhu. Kubadilisha nepi kwenyewe hakutengui pia, ila kwa Shafii ukigusa utupu wa mtoto kwa kiganja kitupu udhu unaondoka, kwa hiyo tumia glavu au kitambaa. Mambo madogo haya, lakini mama aliyepata usingizi wa saa tatu tu usiku mzima huangushwa na madogo.

Mtoto akilia ukiwa kwenye sala, mbebe. Hadithi ya Mtume (S.A.W.) kusali huku amembeba mjukuu wake Umamah, akisujudu anamweka chini na akisimama anambeba tena, imo katika Bukhari na Muslim. Aliyefanya hivyo alikuwa imamu na watu wako nyuma yake. Basi wewe peke yako chumbani unaogopa nini?

Ramadhani sitaizungumza kwa urefu. Anayenyonyesha ana ruhusa ya kula akihofia nafsi yake au mtoto. Kwa Shafii, akihofia mtoto peke yake atalipa kadha (kufunga siku hizo baadaye) pamoja na fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Kwa Hanafi ni kadha tu. Ziandike hizo siku daftarini, kwa sababu mimba mbili zikifuatana hesabu hupotea, na deni usilolijua ukubwa wake hutisha kuliko lenyewe lilivyo.

Sasa kuna lile ambalo hatulisemi mbele ya watu. Kuna mama anayemtazama mwanawe na hahisi kitu. Kuna anayelia bila sababu, au anayetamani asingekuwepo. Akisema, anaambiwa asome sana Qur'ani, imani yake haba. Qur'ani hiyohiyo, katika Sura Maryam aya ya 23, inamtaja Bi Maryam, mwanamke bora, akiwa na uchungu wa kuzaa, akisema laiti angekufa kabla ya hayo. Hakukemewa. Alipewa maji chini yake na tende mbivu, akaambiwa ale, anywe, atulie. Na mama wa Musa, katika Sura Al-Qasas, moyo wake ulikuwa mtupu mpaka Mwenyezi Mungu akautia nguvu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Machozi ya siku chache za mwanzo huwapata wengi na hupita. Yakivuka wiki mbili, au ukianza kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda hospitali siku hiyohiyo. Dua uiombe ukiwa njiani.

Kwa waume waliofika hapa (najua mpo, mnasoma simu za wake zenu): aya ya 233 ya Al-Baqara, ile ya miaka miwili ya kunyonyesha, imeweka chakula na mavazi ya mama juu ya baba, na kumwachisha mtoto ziwa kwa kuridhiana na kushauriana. Bi Aisha alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alisema alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika akatoka kwenda kusali. Dakika 20 za kumshika mtoto ili mama asali kwa utulivu hazikupunguzii cheo.

Limebaki la kujipoteza. Baada ya mtoto, watu hukuita mama wa fulani, wakisahau kuwa una jina na ulikuwa na mambo yako. Kuitwa hivyo ni heshima, silikatai. Lakini Bi Umm Salama, mke wa Mtume anayeitwa kwa jina la mwanawe, ndiye aliyemshauri Mtume siku ya mapatano ya Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria, masahaba walipositasita kuchinja na kunyoa. Mtume akaufuata ushauri wake na watu wakafuata. Umama haukumfungia akili yake ndani. Kwa hiyo chagua kitu kimoja ulichokipenda kabla ya kuzaa, kimoja tu, ukirudie hata kwa robo saa: biashara, masomo, ushoni, tajwidi (kanuni za kusoma Qur'ani). Usiombe radhi kwa hilo.

Ikiwa ulichochagua ni darsa, nenda na mtoto wako. Kuna watakaokutazama kwa jicho la pembeni akianza kupiga kelele. Mtume (S.A.W.) alisema kwamba huingia kwenye sala akitaka kuirefusha, kisha akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha kwa kujua namna mama yake anavyoumia. Maana yake watoto wachanga walikuwa wakiletwa msikitini kwake, na walikuwa wakilia. Kaa karibu na mlango, beba nepi za kutosha, na mtoto akizidi kulia toka naye kidogo umtulize, kisha urudi ukae palepale.