Vifaranga wa samaki wanakufa na pampu ya hewa inafanya kazi, shida nini?

SWALI: Mtaalamu habari. Sisi ni kikundi cha kujitolea, tunatotolesha vifaranga ili tuwarudishe kwenye ziwa letu ambalo samaki wamepungua sana. Mayai yanaanguliwa vizuri tu, ila vifaranga wakishaanza kula, kama wiki moja hivi, wanapanda juu wanahema halafu wanakufa kwa wingi. Maji meupe kabisa, pampu mbili zinafanya kazi, filta mpya tumefunga juzijuzi. Tunalisha kwa zamu. Tuongeze pampu ya tatu?

JIBU: Poleni sana wakuu, na hongereni kwa kazi mnayoifanya bila malipo. Pampu ya tatu msinunue kwanza, kwa maelezo yenu mimi namshuku amonia na ndugu yake nitriti.

Angalieni muda wenyewe. Kifaranga akiwa bado ana kifuko cha kiini hali chochote, uchafu wake ni mdogo. Siku mnayoanza kulisha ndipo amonia inapoanza kupanda, inatoka kwenye mashavu ya samaki na kwenye chakula kinachooza chini, na haina rangi, kwa hiyo maji kuwa meupe hakuthibitishi chochote. Filta inatakiwa iwe na bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitriti halafu nitriti kuwa nitrati ambayo haina madhara makubwa, sasa hao bakteria wanakua polepole mno, filta mpya inachukua wiki 4 mpaka 6 kukomaa, yenu ya juzijuzi kwa sasa inachuja takataka tu. Nitriti nayo ikiingia kwenye damu inaifanya ishindwe kubeba oksijeni, ndiyo maana wanahema hata kama hewa ipo ya kutosha. Kwa waliokua kidogo funueni mashavu, yakiwa ya kahawia badala ya mekundu basi ni nitriti hiyo.

Halafu hili la zamu ndilo linanitia wasiwasi zaidi. Wa asubuhi analisha, wa mchana anakuta vifaranga wanazunguka anadhani wana njaa analisha tena, wa jioni hivyohivyo, na kila mmoja anafanya kwa upendo. Wekeni daftari pale pale kwenye tanki, muda, kiasi na jina la aliyelisha, na chakula cha siku nzima kipimwe asubuhi kiwekwe kwenye kopo moja, kikiisha kimeisha.

Leo hii punguzeni chakula kwa nusu, nyonyeni mabaki ya chini kwa mpira mwembamba, badilisheni maji kama asilimia 30 kwa maji ya joto lilelile, ya bomba yatolewe klorini kwanza. Pimeni pH (kipimo cha maji kuwa na asidi au magadi) kabla hamjamwaga maji mapya maana hapa watu wengi wanaumia: kwenye joto la nyuzi 25 amonia ya sumu ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote pH ikiwa 7, ikifika 8 inakuwa kama asilimia 5, ikifika 9 inapita theluthi. Yaani tanki lenye pH ya chini ukilimwagia maji ya pH ya juu kwa mkupuo unaweza kuwaua wote palepale, mwageni taratibu. Kama kipimo kimeonyesha nitriti, chumvi ya kawaida isiyo na madini joto, gramu 1 kwa lita, inasaidia kuizuia isiingie mwilini wakati mnasubiri filta.

Filta msiioshe kwa maji ya bomba, klorini inaua hao bakteria mnaowasubiri, isuuzeni kwa maji ya tanki lenyewe. Mkipata sponji ya filta iliyokomaa kutoka tanki lenye samaki wazima iwekeni ndani ya yenu, itaokoa wiki kadhaa. Msimu ujao filta iwashwe mapema kabla mayai hayajaingia.

Na msiwaachie ziwani sasa hivi eti kuwaokoa, kifaranga aliyeungua mashavu hafiki mbali. Wakae mpaka amonia na nitriti zisome sifuri siku kadhaa mfululizo huku wakila kawaida.

Mkipima nileteeni amonia, nitriti, pH na joto, na saa mliyopima, kwa sababu tanki likiwa nje na lina mwani pH ya alfajiri na ya alasiri hazifanani kabisa.