Wimbo uliosubiri mchapishaji

SWALI: Mhariri, mtunzi Franz Schubert alitunga wimbo “Erlkönig” mwaka 1815, lakini ulichapishwa 1821. Ulicheleweshwa na nini?

JIBU: Ndugu msomaji, Schubert alikuwa kijana wa miaka 18 alipolitungia muziki shairi hilo la Goethe, mshairi wa Kijerumani, na wachapishaji hawakumjua. Breitkopf & Härtel, wachapishaji wa Leipzig, waliukataa mswada na kwa makosa wakaurudisha kwa Franz Schubert mwingine, mwanamuziki wa Dresden, ambaye alikasirika kuona jina lake juu ya kazi isiyo yake. Kwa kweli wimbo wenyewe ni mgumu: mkono wa kulia wa mpiga piano hurudia noti zilezile kwa kasi, mfano wa kwato za farasi, hadi misuli ichoke. Hatimaye marafiki wa Vienna walichanga fedha, na wachapishaji Cappi na Diabelli wakautoa kama Opus 1 (yaani kazi namba moja), wiki chache baada ya mwimbaji Johann Michael Vogl kuuimba hadharani tarehe 7 Machi 1821.