Boksi la sabufa: majibu kwa walionunua spika kwanza

Maswali mengi ya mara hii yametoka kwa watu wa Lubumbashi walionunua sabufa, yaani spika kubwa ya besi ya garini, kisha ndipo wakakumbuka kwamba inahitaji nyumba. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Jambo papa fundi. Nina Toyota IST na nimepata sabufa ya inchi 12. Muuzaji anasema boksi lolote linafaa, vijana wa mtaani wanasema nitafute lenye bomba. Nimsikilize nani? (Msomaji, Katuba)

Jambo, mdogo wangu. Sikiliza karatasi iliyokuja na sabufa. Ndani yake tafuta namba mbili: Fs, yaani masafa ambayo koni, ule uso wa spika unaotikisika, hupenda kutikisika yenyewe, na Qes, inayoonyesha sumaku inavyoishika koni. Gawanya Fs kwa Qes. Jibu likiwa 50 au chini yake, spika hiyo inataka boksi lililofungwa pande zote. Likikaribia 100 au kupita, inataka boksi lenye bomba. Likiwa katikati, chagua mwenyewe. Sabufa yenye Fs 30 na Qes 0.55 inatoa kama 55, jirani kabisa na 50, kwa hiyo ifungie. Yenye Fs 32 na Qes 0.34 inatoa 94, hiyo ipe bomba. Vipimo hivi vina umri: mhandisi Neville Thiele aliviwekea msingi Australia mwaka 1961, Richard Small akaviendeleza miaka ya 1970. Kabla yao mafundi walikuwa wakibahatisha, na wengine hapa mjini bado hawajaacha.

Karatasi ikiwa imepotea, soma modeli nyuma ya sumaku utafute vipimo vyake kwenye simu. Ukikosa kabisa, boksi lililofungwa la lita 30 hadi 35 halitakuaibisha kwa inchi 12 ya kawaida.

Kwa IST mimi ningefunga hata kama namba zinaruhusu yote mawili. Sababu ya kwanza ni buti: gunia la makala, yaani mkaa, na mfuko wa unga navyo vinahitaji kukaa. Sababu ya pili ni kwamba motokari ndogo yenyewe inaongeza besi. Kuanzia karibu Hz 60 (mitikisiko 60 kwa sekunde) kwenda chini, mawimbi yanakuwa marefu kuliko nafasi iliyomo ndani, na hewa yote ya humo inasukumwa kwa pamoja. Ndiyo maana boksi lililosikika kavu sebuleni linashiba likiingia garini. Halafu angalia unasikiliza nini. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni Hz 41, la nyuzi tano hufika Hz 31. Mpenzi wa sebene anayetaka kusikia vidole vya mpiga besi vikikimbia ataridhika na boksi lililofungwa. Anayetaka amapiano isukume kifua, na ana nafasi, basi bomba litampa sauti kubwa zaidi kwa ampli (kikuza sauti) ileile.

Mimi ni seremala. Mteja aliagiza boksi la lita 36, nikamtengenezea, sasa analalamika kwamba besi ni ngumu na fupi. Nimekosea wapi? (Kamalondo)

Umepima nje, baba. Umeniandikia sentimita 45 kwa 32 kwa 25, na kweli zikizidishwa ni lita 36. Lakini ubao wako ni wa milimita 18, na kuta mbili zinazoelekeana zinakula sentimita 3.6 katika kila kipimo. Ndani zinabaki 41.4 kwa 28.4 kwa 21.4, yaani lita 25 na kidogo. Sabufa yenyewe ikiingia na sumaku yake inachukua lita mbili au tatu nyingine. Mteja amelipia 36 akapata kama 23.

Ili ndani zibaki 36, nje kata 50 kwa 33 kwa 30. Bado utoe nafasi ya spika, kwa hiyo mwulize mteja kama lita zake ni kabla au baada ya kuitoa. Na gundi ipite kila kiungo, isiwe misumari peke yake. Boksi lililofungwa likivuja hata kwenye tundu la waya, linapiga mluzi na koni inapoteza breki. Jaribu hivi: sukuma koni polepole kwa vidole vya mikono miwili, kisha iachie. Ikirudi taratibu, kama inavutwa, boksi limeziba. Ikiruka mara moja, washa udi, upitishe moshi kandokando ya viungo huku mwenzako akisukuma koni, utaona pumzi inatokea wapi.

Mimi dereva wa taksi. Boksi langu lilikuwa limefungwa, la lita 30. Rafiki alinitobolea tundu la sentimita 10 ili lipumue. Sasa linavuma noti moja tu kila wimbo. Nifanye nini? (Commune ya Kenya)

Hili nalipenda, kwa sababu rafiki yako ametengeneza chombo kingine kabisa bila kujua. Boksi lenye bomba linafanya kazi kama chupa ukipuliza mdomoni mwake: hewa iliyo kwenye shingo inaruka juu ya hewa iliyo tumboni, na kila chupa ina noti yake. Noti hiyo inaamuliwa na vitu vitatu, yaani lita za boksi, upana wa bomba na urefu wa bomba. Rafiki yako amekupa upana bila urefu. Bomba lako lina urefu wa unene wa ubao, sentimita 1.8. Nimepiga hesabu: boksi lako sasa limepangwa karibu Hz 93. Huko si kwenye besi tena, huko ndiko sauti nzito ya mwanamume inakoanzia. Kila wimbo unaogusa hapo unavuma, na chini ya hapo koni inapiga bila kitu cha kuishika.

Hesabu ni hii, iandike ukutani. Zidisha kipenyo cha ndani cha bomba kwa chenyewe, kwa sentimita, kisha kwa 23,562. Upande wa pili, zidisha masafa unayotaka kwa yenyewe, kisha kwa lita za boksi. Gawanya la kwanza kwa la pili, halafu toa kipenyo mara 0.73. Kinachobaki ni urefu wa bomba kwa sentimita. Kwa boksi la lita 50 linalotakiwa kulia Hz 35, bomba la ndani sentimita 10 linahitaji urefu wa 31. Ukitaka Hz 40, linashuka hadi 22. Ukitaka Hz 32, linapanda karibu 39.

Sasa weka lita zako 30 kwa Hz 35: bomba linatakiwa kuwa na sentimita 57. Halitaingia. Ukipunguza upana hadi 7.5 urefu unakuwa 31, lakini inchi 12 ikipumulia kwenye bomba jembamba hivyo utasikia hewa ikifoka kuliko muziki. Kwa hiyo ziba tundu lile kwa kipande cha ubao uleule, gundi na skrubu, urudi ulikotoka. Ukiwa na hamu ya bomba, jenga boksi jipya la lita 50 halisi. Bomba la maji la plastiki linafaa, ila pima ndani yake, kwa sababu namba iliyoandikwa ubavuni ni ya nje. Mdomo wake wa ndani uache nafasi na ukuta isiyopungua upana wa bomba.

Likiisha, usiamini hesabu peke yake. Weka kwenye simu programu ya kutoa mlio mmoja mmoja, chora nukta ya chaki kwenye koni, sauti iwe ya chini, kisha shuka kutoka Hz 60. Kuna mahali nukta itakaribia kusimama huku hewa ya bomba ikipeperusha karatasi mbele yake. Hapo ndipo boksi lako lilipopangwa. Ikiwa ni juu ya ulichokusudia, bomba ni fupi. Ikiwa ni chini, likate kidogo kidogo, sentimita moja kila mara. Usisahau kichujio kinachozuia masafa ya chini mno kwenye ampli: boksi la Hz 35 likikatiwa yaliyo chini ya karibu Hz 28, koni haitachezea hewa tupu.

Kijana wangu ameweka muziki garini. Kila ngoma ikipiga, taa za mbele zinafifia. Anataka nimpe pesa za betri ya pili. Nimpe? (Mama, Bel-Air)

Usimpe bado, mama. Kwanza chukua kisu ukwangue ncha ya waya mkubwa unaotoka kwenye betri. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, huo ni alumini iliyovishwa shaba. Kwa mji unaoishi kwa shaba, kuuziwa waya huo ni dhihaka, lakini maduka yamejaa huo. Unapitisha umeme kwa karibu theluthi mbili tu ya shaba tupu yenye unene uleule. Ampli ya wati 500 za kweli inavuta kama ampea 45 ikipigwa kwa nguvu, na waya mwembamba wa alumini unazipoteza njiani kwa joto.

Anunue shaba tupu ya milimita mraba 25. Waya wa hasi nao uwe wa unene huohuo, mfupi, ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi mpaka king'are. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye kichwa chake. Hilo si la muziki, ni la moto: waya ukichunwa na bati bila fyuzi, gari linaungua. Taa zikiendelea kufifia baada ya hapo, apime umeme wa altaneta injini ikiwa inanguruma. Betri ya pili haizalishi umeme, nayo inakunywa kwenye altaneta ileile.

Mvua ya mwaka jana ilivimbisha boksi langu la MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa). Nitumie mbao za mninga safari hii? (Ruashi)

Hapana, mninga uachie viti na milango. Ubao wa mti mzima unatanuka mvua zikianza Novemba na kusinyaa kiangazi cha Juni, viungo vinaachia na boksi linavuja. Chukua tripleksi (plywood) nzuri ya milimita 18, isiyo na mashimo ndani ya tabaka zake, uipake vanishi pande zote pamoja na ncha zilizokatwa. Na utafute maji yanaingilia wapi. Mara nyingi ni mpira wa mlango wa nyuma.

Sabufa yangu ina koili mbili za ohm 4. Ampli inachemka na kuzima. (Kampemba)

Umeziunganisha sambamba, umepata ohm 2, yaani kizuizi kidogo cha umeme kuliko ohm 4 iliyoandikwa kwenye ampli yako. Ukizifuatanisha, moja nyuma ya nyingine, zinakuwa ohm 8: ampli itapoa, nguvu itapungua. Au badilisha ampli.

Papa fundi, besi yangu inasikika buti, nyimbo zinasikika mbele. Kama bendi mbili. Na nikiongeza sauti kunanuka. (Mwanafunzi, Lubumbashi)

Harufu kwanza. Hiyo ni gundi ya koili inaungua, zima leo. Kitufe cha ampli kilichoandikwa gain umekigeuza mpaka mwisho, na cha kuongeza besi pia. Rudisha cha besi sifuri. Chomoa sabufa, weka redio robo tatu ya sauti, cheza mlio wa Hz 40, na upime kwa mita ya umeme, upande wa AC, kwenye matundu ya ampli ambako sabufa hufungwa. Kwa wati 300 kwenye ohm 4 usivuke volti 34. Kwa wati 500 kwenye ohm 2, usivuke 31. Funga hapo, na mtu asikiguse tena.

Kuhusu bendi mbili: kata sabufa Hz 80, na spika za mbele zianzie hapohapo. Sabufa ikiachwa ipande mpaka 150, sikio linajua imekaa wapi. Kisha keti kwenye kiti cha dereva, cheza wimbo wenye gitaa la besi lililo wazi, na mwenzako abadilishe waya wa chanya na hasi wa sabufa. Upande mmoja utasikia besi imejaa na kusogea mbele kwenye dashibodi, upande mwingine itapwaya. Chukua uliojaa, hata kama rangi za waya zinasema ni kinyume.